Kaseti ya Mapacha wa Songololo

Kwetu mtoto anayezaliwa baada ya mapacha hachaguliwi jina. Ataitwa Landu, maana yake anayefuata, awe wa kike awe wa kiume, na kazi yake imeshapangwa kabla hajaota meno: kuwaangalia wale wawili wasitofautishwe. Ukimpa mmoja samaki, na mwenzake apewe, wa ukubwa uleule. Ukimsifu mmoja, umsifu na wa pili papo hapo. Siku hizi mtoto wa namna hiyo anapewa jina la mchezaji mpira wa Ulaya na wazazi wake wanaona wameendelea. Jirani yangu alikuwa Landu wa kweli. Ninaandika habari zake kwa sababu sidhani mtaa wa Ngaba utapata mwingine.

Alikuwa akitengeneza chikwanga, mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, akiuza. Mikono yake ilinuka muhogo uliolowekwa hata Jumapili kanisani, wala hakujali. Mumewe aliondoka zamani, akamwachia binti mmoja, Mamisa, aliyesuka nywele za watu barazani na kujua kila wimbo uliotoka juma lile. Kaka zake Landu ndio wale Nsimba na Nzuzi ambao Kinshasa yote iliwaita Mapacha wa Songololo, kwa jina la mji tulikotoka.

Mimi niliwasikia kabla hawajaitwa hivyo. Waliimba matangani kwa gitaa moja, Nsimba akitangulia, Nzuzi akidakia, nasi tukisikiliza kwa masikio, si kwa macho. Sura zao huwezi kuzitenganisha. Sauti ndiyo iliwatenga. Nsimba aliugua kifaduro utotoni, kikamwachia kifua kifupi, kwa hiyo alivuta pumzi katikati ya neno, mahali ambapo mwimbaji mwingine asingethubutu. Pengo lile Nzuzi alilijaza. Hicho ndicho watu walichokipenda, ingawa wengi hawakujua wanapenda nini.

Wakaenda Brussels. Huko mtu mmoja akachapa tangazo lenye jina la Nzuzi kwa herufi kubwa na la Nsimba kwa herufi ndogo, wakagombana, na ugomvi ukadumu miaka tisa. Landu hakuchagua upande. Siku aliyompigia simu mmoja, alimpigia na wa pili. Kisha simu ya Nsimba ikaacha kuita, na Nzuzi akaanza kupiga mwenyewe.

"Tumepatana, dada. Tunakaa pamoja sasa."

"Nipe Nsimba."

"Anaoga."

Mwezi uliofuata alikuwa amelala. Baadaye alikuwa kwa daktari wa meno, baadaye tena anaoga. Mvua zilikuja zikaisha.

"Mzee Kiala," Landu aliniambia akifunga chikwanga, "mtu anaoga mwaka mzima? Hata kiboko hutoka majini."

Jumanne moja akaja Dikizeko. Huyu alikuwa wakala wa kaseti mtaani kwetu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Alikuwa ameshika kaseti ya video bado imo kwenye nailoni yake. Juu yake mapacha wamekumbatiana, mmoja na suti nyeupe, mmoja nyeusi.

"Mama wa mapacha!" alipaza sauti tangu mlangoni.

"Mama wa mapacha tumeshamzika. Mimi ni Landu. Unataka nini?"

"Mama, onyesho la kurudiana! Watu elfu mbili ukumbini, Brussels imesimama. Jumamosi tunaleta lori na vipaza sauti kwenye mzunguko wa Ngaba. Wewe unapanda, unasema maneno matatu tu: kaka zangu wamepatana. Basi."

"Nimewaona?"

"Utawaona humu ndani."

"Ndani ya plastiki." Aliichukua ile kaseti kwa ncha za vidole. "Nitasema nikimsikia Nsimba. Nisipomsikia, lori lako lipite."

Televisheni yenye deki ilikuwa kwangu, ameiacha mwanangu. Saa tisa mchana sebule ikajaa wanawake wa ua ule, na Dikizeko akakaa mbele kabisa kana kwamba ni nyumba yake. Landu alikaa nyuma karibu na mlango, beseni la majani magotini, akayafumba macho.

"Mama, fumbua! Unakosa taa zile!" Mamisa alisema.

"Nyamaza. Nasikiliza."

Akatoka wa suti nyeupe. Ukumbi ukapiga kelele: Nsimba! Akaimba wimbo wa mama yao, ule wa kisima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nami nilikuwa nasikiliza. Ulipofika mahali pa lile pengo, hapakuwa na pengo. Neno lilipita zima, laini, kama maji bombani.

"Huyu hakuvuta pumzi," Landu alisema bila kufumbua macho.

Dikizeko akageuka akicheka. "Mama, Ulaya kuna madaktari. Wamemtengeneza kifua."

"Na masikio yako hawakukutengenezea?"

Wanawake walicheka. Akaingia wa suti nyeusi peke yake, akaimba nyimbo tatu.

"Na huyu ndiye yule wa kwanza," Landu akasema.

"Mama wee! Si ni mapacha?" Mamisa alipiga paja. "Wasipofanana wao, afanane nani?"

Hapo umeme ukakatika. Landu alisimama akamgeukia Dikizeko.

"Umezima wewe?"

"Mimi? Mama, mtaa mzima umezimika!"

"Sijui. Siku hizi mnazima chochote."

Tulikaa siku tatu bila umeme. Landu aliendelea na muhogo wake, lakini alimtilia shaka kila aliyepita. Mteja aliyemwuliza habari za kaka zake alijibiwa, "Nani amekutuma?" Alinijia mara mbili kuuliza kama kwenye video mtu mmoja anaweza kuvaa suti mbili. Nikamwambia anaweza, mradi wapiga picha wawe na subira. Aliuliza kama ukumbi mzima unaweza kudanganywa. Nikamwambia ukumbi wa siku hizi unaenda kutazama. Ukiwapa moshi na taa wanashukuru.

Mamisa alikasirika. Nilimsikia kupitia ukuta.

"Watu wote wanafurahi isipokuwa wewe! Ulitaka wagombane mpaka kiama?"

"Kama hawajapatana nitakasirika, kisha nitapoa," Landu alimjibu. "Hilo silo linalonitisha, mwanangu."

"Ni lipi basi?"

Nilisikia akirudi kwenye muhogo wake. Binti hakuuliza tena, maana watoto wa siku hizi hawafundishwi kuuliza mara ya pili. Lakini mimi nilielewa anachokitafuta ndani ya kaseti ile. Alitaka kujua kama Nsimba bado yuko duniani.

Umeme ulirudi Ijumaa mchana. Safari hii tulikuwa wanne tu: yeye, Mamisa, mimi na Dikizeko, aliyekuja kuhakikisha neno la kesho yake.

Sehemu ya mwisho ndiyo tuliyokuwa hatujaiona umeme ulipokatika. Jukwaa likajaa moshi, na ndani ya moshi wakasimama wawili kwa pamoja, nyeusi na nyeupe. Mamisa akapiga vigelegele. Wa nyeupe sasa alikuwa na kofia pana na miwani ya jua. Sauti ilikuwa ya Nsimba kweli, yenye pengo lake, ila ilikwaruza kama sahani ya santuri ya zamani, na mdomo wa mwenye kofia uliifuata kwa kuchelewa, kama mtoto anayeitikia sala asiyoijua.

"Sauti hiyo ni ya lini?" Landu aliuliza.

"Ni ya papo hapo, mama!"

"Wewe Dikizeko, usiniambie papo hapo. Hiyo niliisikia nikiwa na mimba ya huyu."

Kisha watu wakaanza kupanda jukwaani kutuza. Mwanamke mmoja mzee, kitambaa chake kimefungwa kikwetu, alibandika noti kwenye paji la Nzuzi, na papo hapo akageuka na noti ya pili mkononi kumtafuta mwenzake. Yeyote aliyelelewa kwetu angefanya hivyo. Mwenye kofia akarudi nyuma. Mama yule akamfuata. Mwenye kofia akapita nyuma ya mpiga ngoma, akapotea ndani ya moshi. Kamera ilihama haraka, lakini haikuwahi: tulimwona yule mama amesimama na noti yake, ameduwaa, akitazama kushoto na kulia.

Landu aliliweka beseni chini.

Ukumbi ulianza kuita, Nsimba, Nsimba. Nzuzi alibaki peke yake kwenye maikrofoni. Akajifuta uso kwa kiganja. Tangu mwanzo alikuwa akisema Kilingala na Kifaransa na mizaha ya Ulaya. Sasa akasema kwa Kikongo, polepole:

"Msiniulize Nsimba. Nsimba amekwenda kutafuta kuni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Magitaa yakarudi juu, na majina ya waliorekodi yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Kuni Brussels!" Dikizeko alicheka mpaka akakohoa. "Ati kuni! Huyu Nzuzi mchekeshaji!"

Niwaeleze waliozaliwa mjini, kwa kuwa hakuna mwingine atakayewaeleza. Kwetu pacha hasemwi kuwa amekufa. Akiondoka, husemwa amekwenda kutafuta kuni, wala halizwi, kwa sababu kilio humwita yule aliyebaki amfuate mwenzake. Watu elfu mbili waliambiwa msiba usoni wakapiga makofi. Ndani ya chumba changu tulielewa wawili. Landu alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee Kiala, vaa viatu," alisema. "Twende kwenye simu."

Kibanda cha simu kilikuwa karibu na kituo cha maji. Alinivuta ndani pamoja naye, na kwa kuwa kipokezi kilikuwa kikubwa nilisikia vyote. Nzuzi aliitika simu ilipolia mara ya pili.

"Amekwenda lini?" Landu aliuliza. Hakusalimia.

Nilisikia gari likipita huko Ulaya.

"Mwezi wa pili, mwaka jana," Nzuzi alisema. "Kifua."

"Na onyesho?"

"Lilikuwa wiki nne mbele. Mwenye onyesho alikuwa ameshauza ukumbi wote. Akaniambia, nyinyi si mnafanana?"

"Nawe ukavaa suti mbili."

"Nikavaa. Mwenye kofia alikuwa mtu wa kukodiwa."

"Mimi umenificha kwa nini?"

"Ningeanza kulia, dada. Nawe ungesikia, ungelia. Halafu?" Sauti yake ilipanda ikashuka. "Nilitafuta namna ya kukuambia isiyo na kilio. Nikaisema mbele yao. Nilijua kaseti itafika Ngaba."

Landu alishika waya wa simu akauzungusha kidoleni.

"Mlikuwa mmepatana?"

"Wiki tatu. Hospitalini. Nililala kitini."

"Mliimba?"

"Kidogo. Manesi walitukataza."

"Nani alianza?"

"Yeye. Alianza yeye, nikadakia."

"Vizuri," Landu alisema. "Kula vizuri. Vaa nguo nzito." Akakata.

Njiani nilidhani lori la Dikizeko limekwisha habari zake, na moyoni nilifurahi. Nilikuwa na hamu ya kumwona kijana yule akifukuzwa kwa mwiko mbele za watu. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi Landu alitoka amevaa kitenge chake cha sherehe, majani mabichi mawili ya kupungia ngoma mkononi, akaniamuru nichukue debe tupu la mafuta.

"Utapiga," alisema. "Mkono wako unakumbuka?"

Ulikumbuka, ingawa sikumwahidi.

Mzunguko wa Ngaba ulikuwa umejaa. Dikizeko alimpandisha kwenye lori akimshika kiwiko, kama bibi harusi, akampa maikrofoni. Landu aliitazama ile maikrofoni kwa shaka, akaigonga kwa kucha.

"Kaka zangu wamepatana," alisema.

Watu wakashangilia. Wala hakusema uongo. Nilitafakari hilo baadaye na sikupata mahali pa kumlaumu.

Dikizeko alinyoosha mkono apokee maikrofoni. Landu hakumpa. Alinipa ishara, nikaanza kulipiga debe, naye akaanza zile nyimbo za mapacha, ambazo katika maisha yangu ya mjini sikuwahi kuzisikia kwenye kipaza sauti. Ni nyimbo za matusi. Zinamtukana baba wa mapacha kwa alichofanya na mama wa mapacha kwa alichokubali, kiungo kwa kiungo. Huimbwa pacha anapozaliwa, na huimbwa pacha anapokwenda kutafuta kuni, kwa mdundo uleule. Wauza makayabu, samaki wale wa chumvi, walishika mbavu. Wanawake wa sokoni wakaitikia, wakakata viuno, wakiamini wanasherehekea kaseti. Dikizeko alipiga makofi kuliko wote.

Mamisa alipanda lorini, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, unatukana mbele za watu! Shuka! Umepatwa na nini?"

Landu hakuacha kucheza. Alimvuta binti karibu, akamwambia sikioni. Sikusikia maneno, ila niliona macho ya Mamisa yakianza kujaa machozi. Mama yake akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Usithubutu," alisema, na hilo nililisikia. "Mjomba wako mmoja bado yupo. Usithubutu kabisa. Imba."

"Siyajui maneno."

"Fuata."

Akampa jani moja. Mamisa alilishika kama mtu aliyepewa kisu. Mstari uliofuata ndio mchafu kuliko yote, unaanzia kwenye goti la baba na kupanda. Binti aliuanza kwa sauti nyembamba, akaukosea, akataja kiungo kisicho mahali pake, na soko zima likacheka. Mama yake akaurudia kwa ajili yake, neno moja moja, bila kusimamisha miguu.