Prins Arudi Nyumbani

Cyriel Verhaeghe alikuwa fundi viatu katika kijiji kimoja karibu na Oudenaarde, na huko Flanders, Ubelgiji, mwanamume asiyefuga njiwa wa mashindano huulizwa kama anaumwa. Cyriel hakuwa mgonjwa. Alikuwa na Prins, njiwa wa bluu aliyepata kuwashinda wenzake kutoka Bordeaux, kule Ufaransa, mpaka nyumbani, na alimpenda kuliko alivyompenda marehemu mkewe. Mkewe mwenyewe, enzi za uhai wake, alilisema hilo mbele za wageni.

Waingereza walipowafukuza Wajerumani, jeshi lao lilichukua njiwa wa kijiji wapeleke ujumbe vitani. Vita vilipokwisha, serikali mbili rafiki, ya Ubelgiji na ya Uingereza, zikakaa kuhesabiana: mlituletea mafuta, tuliwapa nyumba, mlikula viazi vyetu. Wanakijiji wakaambiwa waeleze kilichochukuliwa, na Cyriel, katibu wa chama cha wafuga njiwa, akaandika kwa niaba ya wote. Wa kwanza kuandikwa, kwa bei ya kutisha, alikuwa Prins: amekufa vitani.

Amekufa wapi! Prins alikuwa mji wa jirani, Ronse, kwa shemeji yake Cyriel, amefichwa darini, anakula mahindi vizuri kuliko wenye nyumba.

Siku ya ukaguzi wakaja wawili, Bwana Delvaux wa serikali na kapteni Mwingereza mwenye masharubu mekundu. Wanachama waliwapokea uani kwa Cyriel, chini ya banda la njiwa. Alikuwepo pia Leonie, mjane wa Achiel. Njiwa wanane wa mumewe walichukuliwa kweli, hakurudi hata mmoja, na fidia hiyo ndiyo aliyoitegemea kuezeka nyumba yake iliyopigwa bomu.

"Kapteni anauliza," Delvaux alisema, "njiwa gani huyu, ghali kuliko ng'ombe?"

"Ng'ombe gani anaruka kutoka Bordeaux, bwana?" Cyriel alijibu, watu wakacheka. Kisha akainamisha kichwa. "Maskini, kafia kazini."

Leonie akamshika bega. "Pole, katibu wetu."

Hapo kivuli kikapita juu ya paa. Wanachama wote wakanyamaza ghafla, maana kwa watu wale njiwa anaporudi hakuna kukohoa wala kusogea. Akishtuka hatui, na mashindano yamekwenda. Naye Cyriel, mazoea yana taabu, alikwisha kunyakua kopo la mahindi, analitikisa.

"Tulieni! Kapteni, vua hiyo kofia, unamtisha! Prins! Njoo, Prins, njoo mwanangu!"

Njiwa akatua, akapenya kwenye kimlango chake, na kengele iliyofungwa hapo kutangaza njiwa amerudi ikalia. Cyriel akageuka anacheka, akitafuta wa kumpongeza. Hakumpata. Loo! Shemeji kasahau komeo huko Ronse, na Cyriel mwenyewe kamalizia kwa mdomo wake. Uso ukamwaka mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Delvaux hakufoka. "Serikali zinataka kumaliza hesabu zipeane mikono, si kugombania njiwa. Mmoja akiwa wa uongo, wengine nitawaapia vipi?" Akapiga mstari kufuta ukurasa mzima.

"Wangu ni wa kweli, bwana," Leonie alisema.

"Naamini, mama. Lakini aliyetia sahihi nani?"

Leonie alimtazama Cyriel mara moja, akajifunga kitambaa chake akaondoka. Bora angemtukana.

Kesho yake Cyriel alimtia Prins kapuni akampelekea. "Muuze, upate paa. Wanunuzi wapo." Leonie akapokea kapu. Jumapili, watu wakitoka kanisani, kengele ya bandani ikalia: Prins huyo, kwao. Cyriel akamrudisha kwa mjane. Alhamisi kengele ikalia tena, na jirani akapiga kelele juu ya ukuta, "Katibu! Marehemu wako amefufuka!" Cyriel aliona aibu hata ya kutoka nje kununua mkate.

Mara ya tatu Cyriel alisimama mlangoni kwa Leonie na kapu lile lile. Nyuma ya mjane turubai lililokuwa badala ya paa lilikuwa likivuja.

"Mbona humfungi, Leonie? Nimekupa kwa moyo wote."

"Nilimfungulia mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumwona njiwa anayerudi kwao." Akalisukuma kapu nyuma, taratibu. "Usimlete tena, Cyriel. Wa Achiel hawajarudi."

Cyriel akaenda nyumbani na kapu lake, akapanda bandani, akang'oa kengele.