Mtihani wa Nguruwe Nyumbani kwa Baba Mkwe

Naanza kwa kukiri, maana hata nisipokiri mimi, Ikuti nzima inakiri kwa niaba yangu: mimi ndiye yule mkwe aliyebomoa bafu. Wapo wanaosimulia kwamba nilimkuta mzee anaoga, na hao naomba muwapuuze, mzee alikuwa amevaa koti na kofia, hilo nitalieleza likifika mahali pake, kwa sababu mkasa huu ukisimuliwa ovyo unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa (na ulivyokuwa ulikuwa mbaya wa kutosha).

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya mifugo, katika chuo cha kati kidogo hapa hapa wilayani, chuo ambacho wageni wakikipita wanauliza kama ni ghala la mbolea. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka kidato cha tano, kwa hiyo njia ya kufika chuo kikuu ilibaki moja, ile ya kuzunguka: usome stashahada, ufaulu vizuri, ndipo uombe shahada. Mama yangu hakuwa na subira na mzunguko huo, kanisani alishatangaza kwamba mimi ni daktari wa mifugo, nami nikawa natibu kuku wa wanakwaya kwa kutumia kujiamini zaidi kuliko dawa.

Sasa, kulikuwa na jambo la pili. Gwamaka, mwalimu wa shule ya msingi kule Chunya, alikuwa ameshatoa mahari kwetu, na tulikuwa tumekubaliana hivi: nikipata chuo kikuu, tunafunga ndoa halafu naenda Morogoro kusoma, nisipopata, tunafunga ndoa halafu tutaona. Gwamaka ni mtu mwema na alisema hiyo "tutaona" kwa nia njema kabisa, lakini mimi nina macho, nawafahamu wanawake wengi walioachiwa "tutaona", na wote hadi leo wanaona tu. Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa ndio mlango wenyewe. Ukifeli unarudia kwa sapu, na majibu ya sapu yanatoka wakati dirisha la maombi ya chuo kikuu limeshafungwa.

Mtihani ulikuwa wa kwenda kwa wafugaji. Kila mmoja anaokota karatasi yenye jina la kaya na aina ya mnyama, anafika pale, anachukua historia ya mgonjwa kwa mwenye mfugo, anapima, anatibu, na mtahini kutoka nje anaandika alama. Mimi niliokota ng'ombe wa maziwa, Isongole. Rafiki yangu Zaituni aliokota nguruwe, Ikuti. Zaituni ni mtoto wa duka la vitenge pale sokoni Tukuyu, babu yake alikuja na mzigo wa nguo kutoka Kilwa akasahau kurudi, na ni Mwislamu wa kuswali, si wa kadi ya Idi tu. Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba nguruwe mwenyewe alikuwa ameshalala juu yake.

"Dada Atu," akaniambia, "mimi kumsoma nguruwe kwenye vitini nimemsoma, kumshika sitamshika."

Angeweza kumwambia mtahini, na angeeleweka. Lakini mimi siku ile niliamka nikiwa mwema. Nikamwambia lete, tubadilishane, na mwalimu wetu akakubali, na nikatembea hadi kwenye gari nikijisikia kama mtu ambaye jina lake litatajwa siku moja kwenye mahubiri. Kwenye karatasi yangu mpya paliandikwa: kaya ya Baba Tusekile. Kwao Gwamaka ni huko huko Ikuti, lakini Ikuti ina kaya nyingi, na Baba Tusekile sikumjua. Wifi yangu mkubwa, dada yake Gwamaka, nilikuwa namfahamu kwa jina la Mama Brayani, na haikunijia hata mara moja kujiuliza Mama Brayani alizaliwa akiitwa nani.

Tulianzia Isongole. Ng'ombe wa Zaituni alikuwa mpole kama mto wa kitandani, mwenye ng'ombe alijibu kila swali kabla halijaisha, na tulipoondoka walimpa kiroba cha viazi. Akakaa nacho mapajani njia nzima, akiniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Ikuti tulifika manyunyu yakianza. Nyumba ilikuwa nzuri, bati jipya, migomba imeizunguka, banda la nguruwe nyuma, na kando yake bafu la nje la mabati yaliyogongewa kwenye miti. Majirani walishajipanga kuangalia, kwa sababu gari la chuo likisimama mahali, watu hawaulizi limeleta nini, wanachukua vigoda. Akatoka mama mmoja jikoni anafuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia, nikamwangalia, na wote wawili tukaacha kutabasamu kwa wakati mmoja. Alikuwa mama yake Gwamaka. Nilikuwa nimemuona alipokuja kwetu na wanawake wenzake siku ya mahari.

Kwa asiyejua: kwetu Wanyakyusa, msichana akishatolewa mahari, yeye na baba wa mchumba wake hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, ukisikia kikohozi chake unakata kona unaingia migombani. Si uadui, ni heshima, na inambana mzee kama inavyombana mkwe. Siku hizi mjini watu wanalegeza, lakini Ikuti si mjini, na baba yake Gwamaka si mtu wa kulegeza. Sikuwahi kuuona uso wake.

"Mwanangu," mama akaninong'oneza, "unafanya nini hapa na hiyo suruali?"

Ilikuwa ovaroli ya chuo. Kabla sijaeleza, akafungua kitenge chake cha pili akanifunga kiunoni juu ya ovaroli, akakaza fundo, ndipo akageukia shambani akaanza kupunga mikono juu kwa juu, maana mzee alikuwa anarudi kutoka kupalilia chai. Mzee aliona mikono, akaona gari, akaona kitu cha ovaroli na kitenge, akaelewa kila kitu, na kwa kuwa alishafika uani, ambako nyumbani hakufikiki na nyuma hakurudiki bila kupita mbele yangu, akaingia bafuni. Mlango wa gunia ukashuka.

Mtahini alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, ambako nadhani wakwe wanakula meza moja. "Mwenye mfugo yuko wapi?" akauliza.

"Yuko bafuni," nikasema.

"Tutamsubiri amalize."

"Hatamaliza."

Ikabidi nimweleze. Alinisikiliza kwa adabu, kalamu ikiwa juu, kisha akasema mila anaiheshimu, lakini alama za historia ni nyingi na historia inachukuliwa kwa mwenye mfugo. Nikamwomba nimuulize mama. Mama akasema yeye alikuwa msibani Suma tangu wiki iliyopita, amerudi asubuhi hiyo, nguruwe amezaa yeye hayupo.

"Basi unaweza kuahirisha," mtahini akasema. "Utafanya pamoja na watu wa sapu."

Niliona Morogoro inaondoka bila mimi. Nikamwita Zaituni.

Zaituni akasimama katikati, hatua za kutosha kutoka bandani, kiroba cha viazi bado mkononi. Mimi nikalipa bafu mgongo. "Shikamoo mzee," Zaituni akaliambia bafu. "Mtahiniwa anauliza, nguruwe kazaa lini?"

"Mwambie Jumapili," bafu likajibu.

"Anasema Jumapili."

"Mwambie asante. Anakula?"

"Asante mzee. Anauliza, anakula?"

"Mwambie tangu juzi hagusi pumba."

"Anasema hagusi pumba."

Mtahini akashusha kalamu. "Samahani. Mbona sote tunasikia?"

"Tunasikia, lakini hatujaambiwa," akasema mama mkwe, na majirani wakaitikia kwa vichwa kwamba hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Mambo yalikwenda hivyo, vizuri tu, mpaka nikafika kwenye swali ambalo nilikuwa nalizunguka. Nguruwe amezaa karibuni, amesusa chakula, watoto wanalia njaa: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua lazima uulize kama kondo la nyuma lilitoka lote na kama jike anatokwa na uchafu sehemu za uzazi. Sasa nendeni mkamuulize baba mkwe wenu habari za sehemu za uzazi, hata za nguruwe, hata kupitia kwa Zaituni, mbele ya majirani zake, halafu mje mniambie. Nikasema nitapima joto kwanza.

Hapo ndipo kile kitenge cha heshima kilipoingia kazini. Banda la nguruwe unaingia kwa kuruka mbao, na ukiwa umefungwa kitenge mpaka kwenye magoti huruki chochote, kwa hiyo nikafungua kilango. Nikakirudishia, nadhani. Nilimpitishia nguruwe kamba kwenye taya la juu kama tulivyofundishwa, nikaingiza kipimajoto kule kinakoingizwa, na kilisoma homa kubwa, na nguruwe mwenye homa hutafuta matope ajipoze (hilo nalo tulifundishwa). Matope yaliyokuwa karibu kuliko yote yalikuwa nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea.

Akatoka na kilango. Mimi kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi, kitu ambacho tulifundishwa tusifanye. Sikukimbia, nilipelekwa. Kitenge kilifunguka njiani, nikasikia mama mkwe anasema "jamani jamani" kwa sauti ya mtu anayeona maziwa yanachemka hadi kumwagika, nikasikia Zaituni anamuita Mungu kwa Kiarabu, kisha nguruwe akakata kona ya bafu na mimi sikukata. Mabati yalikuwa mazima ila miti ilikuwa imeoza. Ukuta ukalala taratibu, kwa staha, na mimi juu yake.

Baba mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya bafu lisilo na ukuta, amevaa koti na kofia na amejiegemeza kwenye jembe, kama mtu anayesubiri gari. Tukatazamana. Ana masikio ya Gwamaka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwa mtu ambaye sikutakiwa kumuona kabisa, na nadhani yeye alichokiona ni matope yenye macho mawili. Akashusha kofia ikafunika uso wote. Mimi nikajifunika kwa mikono, ambayo ilikuwa imeshika kipimajoto, na mnajua kilikotoka. Nguruwe akajilaza katikati yetu kwenye tope, akashusha pumzi ya raha.

Majirani hawakucheka, na hapo nikajua ni kubwa, maana watu wa Ikuti wanacheka hadi kwenye kikao cha kijiji.

Mtahini akaja polepole akiruka madimbwi. "Mtahiniwa," akasema, "joto umepata. Kwenye historia umebakiza swali moja, na bila hilo siwezi kukupa alama za kufaulu. Unalijua?"

"Nalijua," nikasema ndani ya viganja.

"Basi uliza."

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshaiona ile "tutaona" inanifungulia mlango, lakini maneno yalifika kwenye meno yakagoma. Nikamtafuta Zaituni kwa jicho moja kati ya vidole, naye akatikisa kichwa, hata yeye, mtoto wa watu wa pwani wasiokosa neno.

Ndipo ile kofia ikakohoa.

"We nguruwe," mzee akasema, kwa sauti ya chini kabisa, na kofia imeinama kuelekea topeni. "Wewe ulizaa, mimi nikakaa na wewe. Kondo lako lilitoka lote, nikalifukia mwenyewe pale mgombani. Lakini tangu juzi unatoa uchafu huko nyuma, unanuka. Nasema na wewe. Sisemi na mtu."

Nguruwe akaguna.

Mtahini akaangalia fomu yake, akamwangalia mzee, akaniangalia mimi. "Mtahiniwa, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu," nikasema, "ila nadhani ana maambukizi kwenye mfuko wa uzazi, nitamchoma sindano ya antibayotiki na ya kushusha homa, na watoto wapewe maziwa ya ng'ombe mpaka apone."

Nikamchoma pale pale topeni, uso nimeugeuzia kwenye chai ya jirani. Mzee aliondoka kinyumenyume, kofia usoni, akijigonga kwenye migomba, na mama mkwe akimwelekeza kushoto, kulia, kama dereva wa lori anayerudi nyuma. Zaituni akaacha kiroba chake cha viazi mlangoni kama pole ya bafu. Hostelini alifika kabla ya gari kusimama, na hadithi ikafika kabla yake.

Nguruwe alipona. Nilifaulu, na kwenye kipengele cha mawasiliano na mfugaji nilipata alama za juu kuliko Zaituni, jambo ambalo hajanisamehe. Morogoro nimekwenda, sasa niko mwaka wa pili, ndoa tumefunga, na baba mkwe bado hatujaongea, mambo yako sawa.

Ila kabla ya harusi wazee wa ukoo walikaa, maana mkwe alikuwa amemuona mzee, tena kwa kumbomolea, na hilo haliachwi hivi hivi. Sisi tukasubiri kwa hofu, Gwamaka akila kucha zake kwenye simu kutoka Chunya. Kikao kikachukua mchana mzima na beberu mmoja. Mwishowe wakaamua kwamba siku ile mimi sikuwa mkwe, nilikuwa serikali, na serikali huwa inaingia popote. Bafu ukoo utajenga. Ila wakamtuma mama aniambie kwamba serikali isirudie.

Nami nimeapa haitarudia. Siku hizi nikisikia roho ya wema inanipanda, nauliza kwanza ni nyumbani kwa nani.