Waya wa Shaba Iliyotolewa Hewa

Mpaka leo mtu akinisimulia habari za waya wa bei mbaya unaosafisha sauti, huwa namwangalia tu. Nikifungua mdomo nitamtukana, na mtu mzima kutukana watu barabarani si jambo zuri.

Ilikuwa enzi zile kila kitu kimekuwa ruksa. Maduka ya Dodoma, ambayo jana yake hayakuwa na sabuni, yakajaa deki na spika. Mimi nilikuwa karani, nimepanga vyumba viwili Makole, na deki yangu ndiyo ilikuwa jeuri yangu. Wenzangu wa ofisini walikuja Jumapili kusikiliza muziki, nami nikajiona mtu kati ya watu.

Mama yangu alikuwa kijijini Mlali, analima mtama na karanga. Hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake zilikuja kwa kaseti. Aliazima redio ya jirani, akabonyezewa, akasema yake, kisha akampa mtu anayekuja mjini. Safari moja jirani mwenyewe ndiye aliyenikabidhi kaseti, mkononi. Nikaiweka kwenye deki. Salamu nilizisikia, habari za mvua nikazipata nusunusu. Halafu akataja macho, na kuanzia hapo sauti ikawa nzito, kama mtu anayesema huku kajifunika blanketi.

Mke wangu akaniuliza, "Kama humsikii, si uende?"

Nikamwambia hajui mambo ya sauti. Mlali si Ulaya, basi la asubuhi lingenifikisha kabla jua halijawa kali. Lakini mimi, bingwa wa sauti, nikaenda kwa mwenye duka la vifaa vya muziki. Hata deki hakuiona, akasema waya wangu wa spika ndio unaokula maneno. Upo waya wa shaba iliyotolewa hewa, ila mpaka uagizwe Dar es Salaam. Shaba iliyotolewa hewa! Nami nikaitikia kwa kichwa, mjinga niliyekwenda shule. Nikausubiri zaidi ya wiki mbili.

Waya ukafika, mnene kama kidole gumba. Badala ya kuweka kaseti ya mama, kwanza niliwaita wenzangu waje wausikie. Wakatikisa vichwa, wakasema tofauti ni kubwa. Naapa nami niliisikia hiyo tofauti. Ukishatoa hela yako utasikia tu. Walipoondoka nikaweka kaseti. Blanketi lilelile.

Aliyeniokoa, kama huko ni kuokolewa, ni fundi redio wa mtaani kwetu. Aliomba pamba na spiriti, akafungua kifuniko cha deki, akapangusa kile kichuma kidogo kinachopitiwa na utepe. Pamba ikatoka rangi ya ugoro. Wala hakunitoza kitu. Nikabonyeza, na mama akasema waziwazi chumbani mwangu:

"Madaktari wa macho wanakuja zahanati Jumatatu baada ya mnada. Kope zimegeukia ndani, zinanichoma jicho, lakini kisu chao nakiogopa. Njoo unishike mkono."

Jumatatu hiyo ilikuwa imepita siku kumi na mbili.

Nilipofika Mlali, majirani waliniambia siku ile alikaa mlangoni tangu alfajiri, kajifunga khanga safi. Wenzake walipompitia alikataa, akasema mwanangu yuko njiani. Jicho la kulia lilikuwa tayari lina ukungu mweupe. Madaktari waliporudi, mwaka uliofuata, na la kushoto lilikuwa limekwisha.

Nikamleta Makole. Siku moja, sijui shetani gani alinituma, niliunganisha spika moja kwa ule waya wa bei mbaya na nyingine kwa waya wa kawaida wa taa. Nikapiga muziki huku, nikapiga kule, nikamwomba aniambie ipi nzuri. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza kila kitu siku hizo. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Zote sawa, mwanangu," akasema. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza. "Na ile kaseti yangu, haikufika?"

Jirani alikwisha kumwambia kwamba alinikabidhi mkononi. Nilijua hivyo, na mama alijua kuwa najua. Alikuwa ananipa pa kutokea, na mimi, bila haya, nikapita.

"Haikufika, mama."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Haya," akasema.