Ujumbe kwa Kochi la Paka

Mama Springi hakuwa na ugomvi na majina ya watu. Hayakumkaa kichwani tu. Mteja akijitambulisha mlangoni, jina lake lilishapotea kabla hajaketi. Lakini kochi! Kochi akilibonyeza mara moja kwa kiganja, hata ipite miaka kumi, angekwambia springi ipi ililegea, upande gani umekaliwa zaidi, na kama mwenyewe huangalia televisheni akiwa amelala. Kwa hiyo, katika simu yake, watu waliandikwa kwa makochi yao, au kwa tabia walizomwonyesha wakati akiyatengeneza. Walikuwemo Kochi la Paka, Kitambaa Kama Pazia, Kesho Nakuja, Mkono wa Birika na wengine wengi. Hakuona ubaya wowote. Majina ya watu hufanana, lakini Kochi la Paka alikuwa mmoja tu.

Kwa miaka ishirini na sita alivalisha makochi vitambaa vipya katika chumba kimoja cha chini, chenye mlango mpana wa mabawa mawili. Mlango ule ndio uliokuwa roho ya kazi, maana sofa ya watu watatu haikunjwi ikatiwa mfukoni. Sasa mwenye jengo alikuwa ameliuza, na mnunuzi alitaka chumba kiwe kitupu baada ya siku kumi na moja, yaani Jumamosi ya wiki inayofuata. Madalali walimzungusha Mama Springi mpaka visigino vikamuuma. Mmoja alimpeleka kwenye chumba kizuri ajabu, ghorofa ya tatu, kwa ngazi ambayo dalali mwenyewe aliipanda kiubavuubavu. Asipopata mahali, angefunga kazi. Alishaanza kulisema jambo hilo kwa sauti, ili alizoee.

"Ufunge kazi, halafu uende wapi?" wifi yake alimuuliza. Huyu ni dada wa marehemu mumewe, si ile wifi ya intaneti, ingawa naye alikuwa na desturi ya kujiunga na mambo ya watu bila kuombwa. Alikuwa amestaafu karibuni kutoka ofisi moja alikokuwa akituma matangazo kwa wateja, na tangu siku hiyo mikono ilikuwa ikimwasha.

"Sina pa kwenda, wifi. Ndiyo nakwambia."

"Una watu lakini."

"Nina makochi."

"Makochi yana wenyewe! Siku hizi biashara ni kujuana. Hebu lete simu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake timamu angeuliza swali moja dogo. Mama Springi hakuuliza. Alitoa simu, wifi akaiunganisha na kompyuta yake, akahamisha orodha nzima, akaandika ujumbe mmoja tu. Kompyuta yenyewe ingetanguliza jina la kila mtu, kama walivyofanya ofisini, ili kila mmoja ajione ameandikiwa peke yake. Orodha wifi hakuisoma. Ilikuwa ndefu, na chai ilikuwa inapoa. Saa nne na robo asubuhi akabonyeza, na watu mia tatu na kumi na wawili wakapata kila mmoja wake:

"Mpendwa Kochi la Paka. Mimi ni Mama Springi, fundi wako. Natafuta chumba cha chini chenye mlango mpana kabla ya Jumamosi ijayo. Nathamini sana uhusiano wetu."

Simu ilikaa kimya dakika mbili hivi. Kisha ikaanza kutetemeka juu ya meza mpaka ikakaribia kuanguka.

"Mama Springi, paka alikufa mwaka juzi," aliandika Kochi la Paka, ambaye ana duka la dawa. "Nimelia mbele ya wateja. Chumba sina, lakini nawaulizia majirani."

"Kumbe!" aliandika Kitambaa Kama Pazia. "Si uliniambia kimenipendeza?"

Kesho Nakuja alijibu kwa maneno machache: "Ujumbe nimeupata. Kesho nakuja."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Springi hakucheka. Aliishika simu kwa ncha za vidole.

"Wifi, umeniua."

"Nimekuua wapi? Saa moja haijaisha, watu sitini wamejibu! Sisi ofisini tulikuwa tunajibiwa na wanne, na wawili wao wanatutukana."

Ilipofika saa sita, Mkono wa Birika akafika mwenyewe. Ni mzee mwenye malori mawili na shati lililonyooshwa mpaka likawa na makali. Aliwahi kubishania bei ya vifungo vitano vya mto kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mama Springi alipomwona alitamani kuingia ndani ya sofa aliyokuwa akiishona na kujishonea humohumo.

"Nimekuja kuuliza," mzee alisema. "Huyu Mkono wa Birika ni nani?"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ni nani?"

"Ni... mashine tu, mzee. Imechanganya mambo."

"Mashine ndiyo inayonijua mimi ni bahili?" Alivuta kiti akaketi. "Haya. Ukishapata chumba, lori langu litahamisha vitu vyako vyote. Bure! Na mafuta juu yangu! Nataka nikukomoe, uone aibu maisha yako yote."

Mama Springi alimshukuru, lakini moyoni alikuwa palepale. Lori alikuwa nalo sasa. Pa kulipeleka hakuna. Wengine waliokuja kulalamika walikuta wengine wakilalamika, wakaulizana majina yao mapya, wakavunjika mbavu. Mwenye Viti Sita Kimoja Kibovu alijuana na mteja mwingine, muuza vitambaa, wakaanza kupanga mambo yao wenyewe. Chumba hakuna aliyekuwa nacho.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja mtu mzima alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Hakuingia mpaka alipokaribishwa.

"Na mimi nimekuja kwa sababu ya jina," alisema kwa upole, akanyoosha simu yake.

Kioo kilisomeka: "Mpendwa Usipokee."

Miaka minne iliyopita mama huyu alitengenezewa kiti kimoja, na tangu hapo alikuwa akipiga simu kila wiki kusema springi inalia. Mama Springi alikwenda mara mbili, akakipekua kiti chote, asisikie kilio chochote. Ndipo alipomwandika vile. Wiki tatu hizi za karibuni mama alipiga mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja simu iliachwa ikalia mpaka ikachoka.

"Springi ilikuwa nzima," mama alisema. "Nilijua. Nyumba imekuwa kimya tangu mwenzangu alipofariki, na siku ile ya kwanza ulipiga nyundo asubuhi nzima. Mchana wake nikapata usingizi. Nilikuwa nataka uje tena, basi."

Mama Springi alimsogezea kiti. Aliona aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni.

"Lakini juzijuzi sikukupigia kwa ajili ya kiti. Nilisikia kwa mwenye duka wa mtaani kwamba jengo lenu limeuzwa. Mimi nina gereji imeungana na nyumba. Gari halipo tena. Mlango wake unapitisha lori."

"Mama," Mama Springi alisema, "nisamehe."

"Njoo kwanza uone kama panakufaa. Kusameheana kupo."

Palimfaa. Jumamosi malori yote mawili ya mzee yalikuja badala ya moja, maana alishaamua kumkomoa sawasawa. Muuza dawa alibeba mito, wifi akasimama katikati ya njia akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Alasiri watu wakaondoka, mwenye nyumba akaingia ndani kwake, na Mama Springi akabaki peke yake na makochi yake katika gereji iliyokwisha kufagiliwa.

Kazi ya siku ile haikuwepo. Kila kochi lililoletwa lilikuwa limekamilika, likisubiri mwenyewe. Alikaa kidogo akisikiliza ukimya wa nyumba ile, akauona mkubwa kuliko alivyodhani. Akainuka, akatafuta ubao usio na kazi, akauweka sakafuni na kuanza kuugongomea misumari, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, mpaka aliposikia, upande wa pili wa ukuta, kiti kikivutwa kusogezwa karibu.