Nilitia Glukosi Katika Maji ya Mfungo wa Baba

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilimfanya baba yangu mwongo mbele za watu, naye alikuwa mtu asiyejua kusema uongo!

Sisi ni Wahindi wa Mombasa. Tulihamia London wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakimiminika huku na pasi zao za Uingereza. Kaka yangu mkubwa alifika uwanja wa ndege akarudishwa Nairobi, eti asubiri zamu yake.

Bapuji, ndivyo tulivyomwita baba, hakupiga kelele. Ujanani, kule Gujarat, kabla hajahamia Mombasa, alikuwa miongoni mwa waliochota chumvi baharini kuwavunjia Waingereza sheria yao ya kukataza watu kujitengenezea chumvi. Alipigwa virungu na mkono hakuinua. Basi alitandika mkeka nje ya ofisi ya uhamiaji, akatangaza kwamba hatakula mpaka mwanawe aruhusiwe kuingia. Angekunywa maji yenye chumvi kidogo, basi.

Maji hayo nilikuwa nikimtilia mimi, binti yake. Siku ya tano midomo ilimpasuka, akawa hawezi kuketi bila kuegemea ukuta. Niliogopa jamani! Nikanunua kopo la glukosi dukani Kingsbury Road, mtaani kwetu, nikawa natia kijiko katika kila bilauri.

"Mwanangu, mbona maji yana utamu? Umetia nini humu?"

"Sikutia kitu, Bapuji. Chumvi tu."

"Basi ulimi wangu umeharibika," akasema, akanywa. Aliniamini. Yallah, aliniamini!

Siku ya tisa afisa alitoka, akachukua namba ya faili la kaka ili lishughulikiwe kwanza. Mwandishi wa gazeti naye akaja, Bapuji akamwambia hajaonja kitu ila maji na chumvi. Tukashangilia. Kisha Bapuji akafungua mkoba wangu kutafuta leso, akaliona kopo.

Hakunigombeza. Alimwita yule mwandishi arudi, akamwambia, "Nimekula. Mfungo wangu umevunjika. Nisameheni." Jina langu hakulitaja. Akakunja mkeka wake.

Gazeti likamwita mzee tapeli. Madukani Kingsbury wenzetu wakamcheka, nami nimesimama palepale nikijaza kikapu changu! Faili la kaka likarudi kwenye foleni. Nyumbani, Bapuji hakunywa tena kitu nilichomtilia mimi. Alijikongoja mwenyewe hadi bombani.

Kaka aliporuhusiwa, Bapuji alikuwa ameshakufa. Kwa desturi yetu, mtoto mkubwa wa kiume ndiye huwasha moto wa kumchomea baba. Hapa London moto ni kitufe. Nilikibonyeza mimi.

Nimezeeka sasa. Nikikoroga chai namsikia nyuma yangu akiuliza nimetia nini. Nageuka, hakuna mtu.

Ninyi mnaowaonea wazazi wenu huruma, lieni mbele yao, wapigieni magoti, bishaneni nao mpaka sauti ziwakauke. Msiwaamulie kwa siri. Na ukiulizwa, ndugu yangu, sema kweli papo hapo. Mimi niliulizwa mara moja tu.