Nilivyoitia ukungu kamera ya mjomba, nusura nikose mke

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Handeni, sijatia chumvi hata punje. Mjomba akiuona huu uzi, basi tena.

Nasimamia duka la vitenge la mjomba. Yeye anakaa Korogwe. Mwaka huu akafunga kamera ya mtandao, akawa ananiona kwenye simu yake. Kila nikipanga drafti na jirani yangu Hoza, simu inaita: "Wewe! Wateja hawaitwi kwa drafti!"

Nikachoka.

Password alinipa mwenyewe, ili niiwashe kamera upya mtandao ukisumbua. Nikaingia kwenye settings. Resolution nikaishusha mpaka chini kabisa, bitrate nikaibana, sharpness sifuri, brightness nikaipandisha. Picha ikawa kama unachungulia kupitia mvuke wa sufuria la wali.

Mjomba akapiga. "Mbona kuna ukungu?"

"Mtandao wa huku, mjomba. Si unaujua?"

Wiki mbili nimekula raha. (Hoza alikuwa ananifunga tu, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Sasa sikieni.

Ijumaa, saa nane mchana, mvua ikashuka ghafla. Nje huwa nasimamisha doli la kuvalishia nguo, siku hiyo lina gauni na mtandio. Nikalikumbatia, nikaliingiza ndani mbio. Mkono wake umelegea, ukaniangukia begani. Nikaanza kulifuta maji usoni, taratibu, maana rangi yake inabanduka.

Simu ikaita.

"Nimekupelekea posa Kwaluguru, wewe unafuta mashavu ya mabinti dukani kwangu?"

"Mjomba, ni doli!"

"Doli linakuwekea mkono begani?"

Akakata.

Kibaya zaidi, Mzee Mbwana, baba wa mchumba wangu Mwanaidi, alikuwa kaenda Korogwe kwa mjomba kupanga siku ya harusi. Naye kaona. Jioni Mwanaidi akaacha kupokea simu zangu.

Asubuhi wazee wakaja wote wawili. Mimi nilisharudisha settings zote, nikijua wakifungua rekodi ya jana doli litaonekana wazi.

Wapi! Wakuu, kilichorekodiwa na ukungu kinabaki na ukungu. Picha ya sasa inang'aa, ya jana bado ni mimi na mwanamke wangu wa mvuke.

Mzee Mbwana hakuitikia shikamoo yangu. Nikasema ukweli wote: drafti, settings, kila kitu.

Mjomba akatoa simu yake. "Shusha hayo masettings kama yalivyokuwa. Halafu likumbatie hilo doli, tuone."

Nikalikumbatia, mbele ya mkwe! Hoza yuko mlangoni kajiziba mdomo.

Mzee Mbwana akaangalia simu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye simu. Akacheka mpaka akakaa juu ya bunda la vitenge. "Mpwa wako huyu ni mjinga," akamwambia mjomba, "lakini si mhuni."

Ndoa imefungwa. Mwanaidi analiita doli "mke mwenzangu". Password nimenyang'anywa.

Nilichojifunza: ukimwonyesha mtu nusu, nusu nyingine anajijazia mwenyewe, na hatajazia mazuri. Na ubora wa picha uurekebishe kabla ya tukio. Likishapita, hakuna fundi.

Mnaosimamia maduka ya ndugu zenu, mmewahi kuichezea kamera? Semeni bila aibu, mimi nimeshaaibika kwa niaba yenu.