Duara Linalopanda Mto

Mvushaji anayebeba watu pale mto Kitengela unapokata barabara ya vumbi ya marram haangalii mawingu. Huikunja miguu yake mirefu ukingoni, akagonga maji kwa kiganja kilichopasuka, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kisha hulitazama duara la viwimbi. Upande wa chini hukimbia na mto. Wa juu ndio anaoungoja. "Likipanda tutapita," husema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Likisukumwa chini, mto una nguvu kuliko miguu yangu."

Asubuhi moja Soipan alishikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali iko ng'ambo. Mama mkwe wake, bibi aliyeitwa Kokoo Nashipai, alimfokea mvushaji. "Wewe unacheza na maji na mtoto anakuja?"

"Kokoo, huyo mtoto hajui kuogelea."

Akagonga tena. Viwimbi vya juu havikushuka wala havikupanda. Vilisimama palepale vikitetemeka, vikabanana, vikainuka kama manyoya ya paka aliyekasirika, vikafa. Kokoo akainama kutazama. Tangu utoto alijua maji hayapandi mlima. Soipan akauma leso. Mvushaji akangoja, akagonga, akangoja. Ndipo mkunjo mmoja mwembamba ukajikaza, ukapita kando ya goti lake, ukaenda zake juu huku mto wote ukishuka. Akambeba Soipan mikononi, akaingia mtoni. Kokoo akavua viatu, akatia mguu majini kando kidogo, asije akaukanyaga ule mkunjo.